Mashine ya kiboti cha tanga Ziwa Nyasa: pima tezi kabla ya kuuliza farasi

Ukiingia dukani kutafuta mashine ya boti, swali la kwanza utakaloulizwa ni "HP ngapi?", yaani nguvu ya farasi wangapi. Jirani akisikia umenunua, naye atauliza hilohilo. Mimi nililijibu kwa mbwembwe: kumi na tano. Kiboti changu cha tanga kina urefu wa mita 4.8, kinachukua watu watatu, wanne wakijibana. Mashine ilinunuliwa ikiwa imetumika huko ukanda wa bahari, ikapanda basi hadi Mbeya, ikateremshwa Kyela, ikapita Ipinda, ikafika Matema ikiwa imenigharimu kuliko chombo chenyewe.

Nilipoifunga, tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, ilizama mpaka maji yakaanza kulamba ubao wa juu. Nikamwambia mwenzangu ahamie omo, yaani mbele, kusawazisha uzito. Alipohama, tezi ikainuka, rafadha, lile panga la kusukuma maji, ikatoka nje ya maji, mashine ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Ufukweni kulikuwa na mzee mmoja akianika usipa, dagaa wa ziwani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza: "Mwanangu, hao farasi wangapi?" Nikamwambia kumi na tano. Akasema: "Farasi wa ziwani hukanyaga maji. Wa kwako wanakanyaga hewa."

Mashine ile niliiuza kwa hasara. Yafuatayo ndiyo niliyojifunza katika kununua ya pili, na nimeyapanga kwa utaratibu ambao ningetamani mtu angenipa mapema. Yanamfaa mwenye chombo kidogo cha tanga, mita nne mpaka sita, anayetegemea upepo siku nyingi na anataka mashine ya kumrudisha nyumbani upepo ukimtupa.

Kwanza ujue unainunulia kazi gani

Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na sisi wa Matema, Mwaya na Itungi tuko kwenye ncha yake ya kaskazini. Kuanzia kama Mei hadi Agosti unavuma upepo wa kusini, ambao ziwani wengi wanauita mwera, na wimbi lake limetembea urefu wote huo kabla ya kutufikia. Likifika halina mzaha. Halafu chini ya Milima ya Livingstone upepo unaweza kukatika ghafla kama mtu amefunga dirisha. Tanga linaning'inia, na chombo kinapelekwa na wimbi kuelekea kwenye mawe. Upande ule ziwa linatumbukia ghafla karibu na ukingo, kwa hiyo ukitegemea nanga, kamba inaweza kwisha kabla haijagusa chini.

Kwa hiyo kazi ya mashine yetu ni mbili: kusukuma chombo kizito polepole upepo ukiwa umekufa, na kukivusha wimbi la mbele upepo ukiwa mkali. Mbio haimo. Chombo cha tanga kina tumbo la kusukuma maji pembeni, hakikuumbwa kupaa juu yake. Kina mwendo wake wa mwisho, nao unakadiriwa hivi: chukua urefu wa sehemu inayogusa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5. Changu kinagusa maji kwa mita 4.4. Kipeuo cha pili cha 4.4 ni kama 2.1, na jibu ni karibu kilomita 9.4 kwa saa. Ukikifungia farasi kumi na tano, kitachimba shimo la maji na kukaa humo, tezi chini na omo juu, huku petroli ikiteketea.

Hatua ya 1: Pima tezi

Chukua futi kamba. Weka ncha juu ya ubao wa tezi, pale pale vibanio vya mashine vitakapokaa, ushuke wima hadi chini ya tumbo la chombo. Usipime hadi chini ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, kama mkuku umechomoza. Pima hadi mahali maji yanapoachana na ubao. Andika namba.

Namba hiyo ndiyo inayokuchagulia mguu wa mashine. Watengenezaji karibu wote wanatoa miguu ya aina tatu: mfupi wa inchi 15, yaani sentimita 38, mrefu wa inchi 20, yaani sentimita 51, na mrefu zaidi wa inchi 25, yaani sentimita 64 hivi. Juu ya rafadha utaona kibati kilicholala kama sahani. Kazi yake ni kuzuia rafadha isivute hewa kutoka juu. Kwenye boti za mbio kibati hicho hulingana na chini ya boti au hushuka kidogo tu. Kwenye chombo cha tanga kinatakiwa kiwe chini zaidi, kwa sababu chombo chetu kinanesa, omo ikipanda na tezi ikishuka, kisha kinyume chake.

Ubao wangu una sentimita 43. Mguu wa 38 uliniacha sentimita tano juu ya tumbo la chombo kabla wimbi halijaja. Mguu wa 51 unanipa sentimita nane chini. Hesabu ni fupi kiasi hicho, na mimi niliiruka.

Ukishapima nchi kavu, rudia chombo kikiwa majini na watu wakiwa wamekaa. Mwambie mmoja aende omo kana kwamba anatupa nanga, kisha utazame tezi imepanda kiasi gani. Hapo ndipo mashine nyingi zinapolia, maana ndipo unapozihitaji zaidi: unakaribia mawe, mtu yuko omo na nanga mkononi, na rafadha iko hewani. Ukiona kipimo chako kinaelea katikati ya saizi mbili, chukua mguu mrefu. Mguu uliozidi unakwaruza maji kidogo na unagusa mchanga mapema ukifika ufukweni. Mguu uliopungua unakunyima mwendo wakati wa hatari.

Hatua ya 2: Pima uzito wa kila kitu

Kyela haikosi mizani ya magunia, ni nchi ya mchele. Azima moja. Inua omo, iweke juu ya mizani huku tezi imelala kwenye gogo, usome. Kisha geuza: tezi juu ya mizani, omo kwenye gogo. Jumlisha. Changu kilisoma 115 mbele na 140 nyuma, jumla kilo 255 pamoja na mlingoti, foromali (boriti ya kushikia tanga) na tanga. Ongeza watu watatu wa kilo 75, yaani 225. Ongeza nanga, kamba, maji ya kunywa, dumu la petroli na mashine yenyewe, mimi niliweka 80. Nikapata kilo 560.

Usijidanganye kwenye hesabu ya watu. Siku ya gulio la vyungu Lyulilo hakuna anayepanda peke yake, na vyungu vya Wakisi navyo vina uzito wake.

Hatua ya 3: Sasa uliza farasi

Kwenye maji tulivu, farasi mmoja anatosha kusukuma kama kilo 250 za chombo cha tanga. Kwa kilo zangu 560 hiyo ni HP 2.2. Lakini hesabu hiyo ni ya bwawani. Mwera unapokuja usoni, mlingoti na tanga lililokunjwa vinashika upepo kama mtu anayekusukuma kifuani. Kwa kona hii ya ziwa mimi nagawa kwa 150 badala ya 250. Nikapata 3.7, yaani mashine ya HP 4.

Kuna jambo ambalo muuzaji huwa halitaji. Mashine za mipigo minne za HP 4, 5 na 6 za kampuni kadhaa, zikiwemo Tohatsu, Suzuki na Yamaha, zimejengwa juu ya bloku moja. Tofauti iko kwenye kabureta na vitu vidogo. Uzito wake ni uleule, kama kilo 25 hadi 27. Kwa hiyo kama bei ya HP 5 au 6 haijapishana sana na ya 4, chukua kubwa bila kuogopa tezi. Ukivuka kwenda HP 8 na 9.9 za mipigo minne, unahamia bloku nyingine, na uzito unaruka hadi karibu kilo 40. Kwenye kiboti cha mita nne au tano, hiyo ni sawa na kumbeba mtoto wa darasa la sita akiwa ananing'inia nyuma ya mgongo wa nahodha safari nzima.

Chini kabisa ziko za HP 2.3 na 2.5, kilo 13 hadi 18. Unaibeba mkono mmoja kutoka nyumbani mpaka ufukweni, na usiku unalala nayo ndani. Kwa chombo cha mita nne cha kuzunguka karibu na kijiji zinatosha. Ila nyingi hazina gia ya nyuma; ukitaka kurudi nyuma unaizungusha mashine nzima ielekee upande wa pili, jambo ambalo linahitaji mazoezi kabla ya kulifanya mbele ya watu. Ya Honda ya HP 2.3 inapozwa kwa hewa, haina pampu ya maji ya kuziba mchanga, ila kelele yake utaisikia hadi Ikombe.

Kibandiko kikiandikwa kilowati, zidisha kwa 1.34 upate farasi. Kilowati 2.9 ni HP 4.

Hatua ya 4: Mipigo miwili au minne

Hapa watu hugombana, na nitasema upande wangu.

Mashine ya mipigo miwili, ambayo mafundi wengi wanaiita tuu-stroku, ni nyepesi kwa nguvu yake. Yamaha ya HP 8 ya mipigo miwili ina kilo 27, uzito uleule wa HP 4 ya mipigo minne. Ina vipuri vichache, fundi anaifungua na kuifunga chini ya mwembe, na wavuvi wameizoea. Inakula petroli zaidi, inatoa moshi, na inataka oili ndani ya petroli kila unapojaza.

Kwenye oili ndiko mashine nyingi zinakouawa. Mchanganyiko wa kawaida wa mashine nyingi za sasa ni 50 kwa 1: mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, 200 kwa lita 10, 400 kwa dumu la lita 20. Mashine mpya ikiwa bado inazoezwa hupewa mara mbili, 25 kwa 1. Fuata kitabu cha mashine yako, siyo kumbukumbu ya fundi. Na oili iwe ile iliyoandikwa TC-W3 kwenye chupa, ambayo imetengenezwa kwa mashine za boti zinazopozwa kwa maji. Huku nyanda za juu, kuanzia Mufindi hadi Njombe, maduka yamejaa oili ya misumeno ya mafuta kwa sababu ya mbao. Chupa zinafanana, na muuzaji atakuapia kwamba ni kitu kimoja. Ile ni ya injini inayopozwa kwa hewa, inaweza kuacha majivu kwenye plagi na pete za pistoni. Nunua chupa mbili za TC-W3 ukiwa mjini, uziweke.

Mashine ya mipigo minne ina oili yake chini kama pikipiki, petroli inaingia kavu. Inakula kidogo: kwa makadirio, ikiwa wazi kabisa, lita 0.38 kwa kila farasi kwa saa, kwa hiyo HP 4 haizidi sana lita moja na nusu. Tuu-stroku ya kabureta ongeza theluthi au hata nusu juu ya hapo. Mashine ya mipigo minne pia inanguruma taratibu, na chombo cha tanga kinapenda mwendo wa taratibu kwa muda mrefu, kitu ambacho tuu-stroku inakichukia kwa sababu plagi zinalowa.

Kwa chombo cha tanga nachagua mipigo minne. Kwa mvuvi anayeshinda kwenye mashine na ana fundi wake wa tuu-stroku jirani, sitamshawishi abadili. Lakini kabla ya kuuliza bei ya mashine yoyote, uliza bei ya impela yake, ule mpira wa pampu ya maji. Kama muuzaji anakuambia itaagizwa, na hajui kutoka wapi, toka dukani.

Kuhusu mashine za umeme, nimewahi kuazima moja ya volti 12. Betri ya sola ya Ah 100 (ampea-saa), ukitumia nusu yake ili isife mapema, inakupa Ah 50. Mashine ikivuta ampea 30, hiyo ni saa moja na dakika 40. Asubuhi ziwa likiwa kioo ni raha tupu, unasikia samaki wakiruka. Mwera ukiamka, utarudi kwa kafi. Na betri hiyo ya risasi ina kilo 25 au zaidi.

Hatua ya 5: Pa kuifunga

Kama chombo chako kina tezi bapa, tazama usukani. Shusha mashine, zungusha usukani kulia na kushoto mpaka mwisho, uone kama ubao wake unaikaribia rafadha. Ukigusa hata kidogo, sogeza mashine pembeni. Kuna mtu aliukata usukani wake vipande kwa sababu hakufanya zoezi hilo la dakika moja.

Kama ni mtumbwi au chombo kilichochongoka pande zote mbili, utahitaji kibanio cha ubavuni: mbao mbili ngumu zilizofungwa kwa bolti kupitia ubavu, na kipande cha mbao upande wa ndani ili bolti zisitafune ubao. Ubaya wa ubavuni ni kwamba chombo kikilala upande wa pili, rafadha inatoka. Kwa hiyo ukiwasha mashine, shusha tanga. Kutumia vyote viwili pamoja upepo ukiwa mkali ni kujitafutia mkasa.

Hatua ya 6: Rafadha na tanki

Rafadha ina namba mbili: kipenyo, na hatua inayopiga kwa mzunguko mmoja, zote kwa inchi. Mashine nyingi za HP 4 hadi 6 zinauzwa na rafadha ya hatua 7 au 8, kwa ajili ya vibotibapa vyepesi. Kwa chombo kizito omba hatua 6 au 7. Ni kama baiskeli: mlima wa Igawilo huupandi kwa gia ya tambarare. Tohatsu wana mashine ya HP 6 waliyoitengeneza kwa ajili ya vyombo vya tanga, yenye mguu mrefu na rafadha ya kusukuma. Ukiipata umepona kazi.

Zile ndogo kabisa mara nyingi zina pini inayokatika rafadha ikigonga kitu, ili gia zipone. Nunua pini tano, uzifunge na koleo kwenye mfuko, mfuko ufungwe kwenye mashine. Wakati wa masika Kiwira, Mbaka na Lufilyo zinaleta magogo na majani hadi katikati ya maji, na gogo lililoloa halionekani. Ndugu zangu wa Iringa mnaotumia Mtera mnayajua zaidi mambo hayo, kule kuna visiki vya miti iliyozama.

Tanki la ndani la mashine ndogo ni lita moja na kidogo. Kujaza petroli juu ya mashine ya moto huku chombo kikinesa ni jambo ambalo sitaki ulifanye hata mara moja. Chagua mashine inayokubali tanki la nje la lita 12 na mpira wake. Petroli igawe mafungu matatu: ya kwenda, ya kurudi, na ya mwera.

Hatua ya 7: Ikiwa imetumika

Anza kwa swali la maji: ilifanya kazi baharini au ziwani? Maji yetu ni baridi, hayana chumvi. Iliyotoka baharini inaweza kung'aa nje na ndani mifereji ya kupozea imezibwa na chumvi. Tazama bolti za kichwa. Zikiwa na rangi mpya juu ya kutu, mtu amezipamba. Tazama pia kile kipande cha madini kinachofungwa chini ili kiliwe na kutu badala ya mashine. Cha baharini huwa ni cha zinki, na kwenye maji baridi zinki haifanyi kazi vizuri. Kwetu hufaa magnesiamu au aluminiamu.

Fungua skrubu ya chini ya oili ya gia, acha matone yadondoke kwenye kidole. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, sili zimekwisha. Toa plagi, pima kompresheni kwa geji. Kwa mashine ya silinda mbili, zisipishane zaidi ya asilimia 10. Zungusha rafadha kwa mkono huku gia iko huru, usikie kama kuna mkwaruzo. Angalia namba ya mashine kwenye kibandiko haijachongwa, na mwombe muuzaji risiti ya kwanza. Asiye na risiti na mwenye haraka, mwache na haraka yake.

Kisha iwashwe ndani ya pipa la lita 200 lililojaa maji mpaka juu ya kile kibati. Isiwashwe kavu hata kwa "sekunde tu". Impela inaungua kabla hujamaliza kutamka neno hilo. Ikiwaka, tundu la pembeni lirushe maji mfululizo. Mafundi wanasema mashine "inakojoa", na ile isiyokojoa inapikika. Shika ule mkojo: unatakiwa uwe vuguvugu, siyo wa kuunguza.

Hapa kuna jambo letu la nyanda za juu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko kwenye mita 475 hivi. Injini ya kabureta inapoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa hiyo mashine inayojaribiwa Soweto au Uyole, pale pale Mbeya, itaonekana imechoka kwa karibu moja ya nane ya nguvu zake za ziwani, na moshi wake utakuwa mzito, kwa sababu petroli imezidi hewa. Usimruhusu fundi "aipunguzie petroli" kwa kuweka jeti ndogo ili ingurume vizuri pale pale mjini. Ukiishusha Kyela hewa itazidi, mashine itachemka, na ikiwa tuu-stroku pistoni inaweza kunasa. Kama ni lazima kurekebisha, irekebishwe ziwani.

Hatua ya 8: Safari ya kuiteremsha

Tuu-stroku unaweza kuilaza upande wowote, ila kichwa kiwe juu kidogo kuliko mguu, maji yaliyobaki yasirudi kwenye silinda. Ya mipigo minne ina upande wake wa kulala, umeandikwa au kuchorwa kwenye mwili. Ukiilaza upande mwingine oili inaingia kwenye silinda na kabureta. Mwambie hivyo kondakta wa kosta, kisha nenda mwenyewe ukatazame alivyoilaza, maana atakujibu "sawa kaka" na kuirusha juu ya magunia ya viazi. Tanki liwe tupu.

Hatua ya 9: Karatasi na kamba

Vyombo vidogo viko chini ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, na chombo cha kuvulia kina leseni yake ya uvuvi kupitia halmashauri. Kuongeza mashine kunabadilisha maelezo ya chombo, kwa hiyo yapeleke kabla hujasimamishwa. Jaketi okozi ziwe sawa na idadi ya watu, zivaliwe. Kukaliwa kama mito hakumwokoi mtu.

Mashine ifungwe kamba ya pili, nene kama kidole, kutoka kwenye mpini wake hadi kwenye taruma, yaani mbavu za ndani za chombo. Vibanio hulegea kwa mtetemo, na zaidi ya mashine moja imelala chini ya Ziwa Nyasa ikiwa nzima kabisa. Kamba ya kuzimia mashine, ile nyekundu iliyojisokota, ifungwe mkononi mwa anayeendesha kila mara. Mashine isiyozimika ikimwangusha mtu wake huzunguka na kumrudia.

Siku ya kwanza usiende popote. Subiri asubuhi tulivu, toka mita 300 kutoka ufukweni, shusha tanga. Washa, ipe nusu ya mafuta, kisha mtume mtu mmoja aende omo ashike nanga. Sikiliza. Ikiendelea kunguruma sauti ileile, funga vibanio kwa nguvu zako zote, uanze safari zako. Ikipiga kelele, rudi, shusha kibanio sentimita tano, ujaribu tena kabla jua halijapanda na upepo haujaamka.